Soja Chini ya Majani ya Mgomba

Mama zangu, papa zangu, vijana wenzangu wa shirika, leo nimeshikwa. Tangu Kwaresima mnaniomba nisimame niseme, na mimi nimekuwa nikijificha nyuma ya kwaya. Sina maneno mengi ya shule, mnajua niliacha masomo mwaka wa pili wa sekondari. Lakini jambo lililonipata naweza kulieleza, na beseni hili lililofunikwa kwa majani hapa miguuni pangu litanisaidia. Msilifunue kwanza. Mama wa mbele, nauona mkono wako.

Tulibaki watatu. Papa alitangulia, kule Kamituga, kwenye mashimo ya dhahabu. Mama akamfuata baada ya ugonjwa mrefu uliokula kila kitu ndani ya nyumba, hata redio. Mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu yuko dada yangu, aliyekuwa bado anasoma, na wa mwisho ni mdogo wetu wa kiume, ambaye wakati ule alikuwa hajaanza shule.

Siku ya kuondoa matanga familia ilikaa uani. Mnajua desturi yetu. Siku hiyo hawagawi vyombo na vikwembe vya kuvaa vya marehemu tu, wanagawa na watoto. Tonton, mdogo wake papa, anayefanya biashara Kamituga, ndiye aliyeongoza maneno.

"Mutoto mudogo naenda naye," alisema. "Musichana ataenda kwa shangazi yake, kule Mumosho. Wewe uko mwanaume, utajua kwenye utalala."

Nikasimama nikasema, "Tonton, hapana. Tutakaa pamoja."

"Mutakula nini? Kuta?"

Watu walicheka, na mimi machozi yakanijaa, lakini sikukaa chini. Nilibaki nimesimama kama mti hadi kicheko kikaisha. Shangazi, dada yake papa, alikuwa ameinamisha kichwa. Mwishowe tonton alinyoosha kidole. "Sawa. Nitarudi Pasaka ikiisha. Nikikuta mutoto amezoofika, sitauliza mutu. Namubeba."

Ndugu zangu, nawaambia, sentensi ile nililala nayo na kuamka nayo.

Nilianza kubeba mizigo sokoni Kadutu. Magunia ya makala ya kupikia, ndizi, nafaka, chochote kilichohitaji mgongo. Jioni tulikula bugali wa muhogo, na sombe, majani ya muhogo huo huo, isiyoonja mafuta. Tulishiba, na mimi nikadhani tunaendelea vizuri. Kumbe mdogo wetu alikuwa anaharibika mbele ya macho yetu. Nywele zilianza kuwa nyekundu. Miguu ikavimba, nami nikadhani ananenepa! Dada yangu ndiye aliyebonyeza mguu kwa kidole, na shimo likabaki pale, halikurudi.

Tulimpeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimwangalia, akaniangalia mimi.

"Bugali peke yake inadanganya tumbo," alisema. "Mumupatie soja, samaki, mayai."

Mayai! Nilitaka kumwuliza kama anayo ya kunipa. Lakini soja, hilo nilisikia. Mama mmoja anayeuza nafaka, niliyekuwa namshushia magunia, alikubali kunipa soja zilizobaki chini ya gunia badala ya malipo ya siku. Nilirudi nyumbani najiona tajiri. Basi tukachemsha. Soja kavu, nyinyi mnaijua, inakula makala kama treni. Moto wa mbabula ulizimika, soja bado ni mawe. Mdogo wetu alitafuna, akatema, akasema, "Hii iko chakula ya bata."

Halafu mvua ikanyesha, zile mvua zetu za Bukavu zisizopiga hodi. Bati letu lilikuwa na tundu, na mfuko wa soja ulikuwa umekaa chini ya tundu lile. Asubuhi nilikuta zote zimevimba. Sitasahau hasira niliyoshikwa nayo. Niliubeba mfuko kwenda kuwamwagia bata wa jirani, wale tulioambiwa ndio wenye chakula hiki.

Dada yangu akanishika mkono. "Kaka, acha. Shangazi hamwagi mutama ikilowa."

Mnaelewa alichokuwa anasema? Likizo zetu za utotoni tulizipitisha Mumosho, kwa shangazi. Shangazi anapika kasiksi, na wote hapa mnajua pombe ya ndizi haichemki vizuri bila mtama uliooteshwa. Sisi watoto tulikuwa tunakaa karibu yake anapoloweka mtama, anautandaza juu ya majani ya mgomba, anafunika kwa majani mengine, anaweka mawe juu. Siku zikipita tunafunua pembeni kuchungulia, tunakuta kila punje imetoa mkia mweupe. Tuliita mikia ya panya.

Nikamjibu, "Ile ni ya pombe."

"Mbegu iko mbegu," akasema. "Itajuaje kama ni ya pombe?"

Tukajaribu.

Mara ya kwanza tuliharibu. Tuliiacha ndani ya maji, tukaifunika vizuri, tukajisifu. Ilinuka hata majirani wakauliza ni nani amekufa. Hata bata walikataa! Ndipo dada yangu akakumbuka kwamba shangazi hakuwa anaacha mtama ndani ya maji. Alikuwa anauosha, anachuja, anauacha upumue.

Basi tukaanza upya. Soja inalala ndani ya maji safi usiku mmoja. Asubuhi inachujwa, inawekwa ndani ya kitunga chenye matundu, chini majani ya mgomba, juu majani ya mgomba na mawe. Asubuhi na jioni tunaiosha, tunachuja. Kazi ilikuwa maji. Mnajua mteremko wa kwenda kwenye chemchemi yetu: kushuka ni mchezo, kupanda ni toba. Mdogo wetu alilalamika, "Hii soja inakunywa kuliko sisi!" Lakini maji ya kuoshea hatukuyamwaga bure, tulimwagilia mboga za lengalenga tulizopanda ndani ya gunia la zamani mlangoni.

Na mikia ikatoka. Mirefu, minene, myeupe, imejaa maji. Bakuli dogo la soja kavu likajaza kitunga. Tukaichemsha hadi harufu ya ubichi ikaisha, na makala hayakwisha. Kisha kitunguu, nyanya, mawese kidogo, chumvi. Mdogo wetu alikuja taratibu akitazama ndani ya sufuria. Akavuta mkia mmoja kwa vidole, akautia mdomoni. Akavuta wa pili. Kisha akakaa na sahani yake yote, na tangu siku ile ilikuwa wimbo mmoja tu ndani ya nyumba: "Nataka mikia! Leo kuko mikia?"

Lakini, ndugu zangu, majani ya mgomba na mawe mlangoni pa yatima, katika mtaa wetu, yana maana moja tu. Mama mmoja alipita tukiwa hatupo. Simtaji. Aliona kitunga, majani, mawe, akaona na maji yanatiririka chini. Akarudi kwake na huzuni ya kweli: wale watoto wa marehemu wameanza kupika pombe. Mnacheka! Hata yeye anacheka hapa alipo. Barabara ya Kamituga mnaijua, pikipiki zinalala ndani ya matope. Ile habari ilifika bila kupasua gurudumu.

Jumatatu ya Pasaka tonton aliingia uani. Shangazi alikuwa nyuma yake, aliitwa toka Mumosho kuja kumchukua dada yangu. Tonton alikuwa ameshika viatu vipya vya mtoto, amevifunga kamba zake pamoja. Nataka mjue hili: tonton si mtu mbaya. Aliyekuja kumchukua mtoto alikuwa amemnunulia viatu.

Hakusalimia. "Pombe iko wapi?"

"Tonton, hakuna pombe."

Alisukuma mawe kwa mguu, akafunua majani. Akaruka nyuma.

"Ni nini hii? Minyoo?"

"Ni soja. Tunakula."

"Munakula soja ya kuoza!" Akamgeukia shangazi. "Dada, umeona? Umeona watoto wa kaka yetu? Leo hii nabeba mutoto, na mutu asiniambie kitu!"

Mimi nilisimama mlangoni. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nilijua tu kwamba akiingia ndani na kuchukua kimfuko cha nguo za mdogo wetu, sisi watatu tumekwisha.

Shangazi alipiga magoti penye kitunga. Akachukua soja kiganja kimoja, akanusa, akaiminya kidogo kuona kama maji yamechujwa. Akaligeuza jani akalitazama upande wa ndani.

"Nani amekufundisha kufunika hivi?"

"Ni wewe, shangazi," nikasema. "Tulikuwa tunakuangalia."

"Mimi niliwafundisha pombe?"

Dada yangu akadakia, "Ulitufundisha kuosha na kufunika. Pombe tuliacha kwako."

Shangazi aliangua kicheko hadi akashika mbavu. Kisha akamwambia tonton, "Kaa. Tutakula kwanza. Haikai vizuri kubeba mutoto na njaa."

Wakati ule ule mdogo wetu alikuwa anapanda toka chemchemini, anapiga mluzi, na bidoni yake ndogo ya maji kichwani. Alipomwona tonton aliiweka chini, akamkimbilia. Tonton alimwangalia nywele, zilikuwa nyeusi tena. Alimketisha juu ya jiwe, lile jiwe la soja, akapiga magoti amvalishe viatu. Na kabla ya kuvalisha, akafanya kitu alichokuwa ameambiwa na mtu, sijui nani. Alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba.

Dada yangu alisogea karibu kuangalia.

Tonton aliondoa kidole. Ngozi ikarudi. Akabonyeza tena, mguu wa pili, juu kidogo. Ikarudi. Mdogo wetu akacheka, akasema, "Tonton, unanitekenya!"

Tonton alimvalisha viatu, akafunga kamba polepole kuliko kamba zinavyohitaji. Alipoinuka alisema tu, "Hiyo chakula iko wapi?"

Alikula akiwa amenuna. Baada ya matonge kadhaa ya bugali akasema, "Hii mikia imekosa chumvi." Dada yangu akaleta chumvi. Alimaliza, akasukuma sahani kuelekea kwenye sufuria bila kututazama usoni, na shangazi akamwongeza. Jioni alipanda gari peke yake. Viatu vilibaki.

Ndugu zangu, sikutajirika. Bado nabeba mizigo sokoni, na mgongo unaniambia. Lakini tunakula vizuri, na hatuogopi mwisho wa mwezi kama zamani. Dada yangu yuko karibu kumaliza shule. Mdogo wetu amemaliza viatu vile na vingine viwili, ni mtu wa mpira. Tunaotesha soja, tunaotesha na maharagwe, ila maharagwe yanataka kuchemka sana hata kama yameota, msije mkayala mabichi mkanisingizia mimi. Na mtama ulioota shangazi ametukataza kabisa kuutafuna hivi hivi. Anasema huo tumwachie yeye na mitungi yake.

Namshukuru Mungu. Namshukuru shangazi, ambaye hakujua kuna macho ya watoto pembeni ya kazi yake. Muuguzi yule, na yule mama wa nafaka, ambaye mpaka leo ananiwekea ya chini ya gunia, na siku hizi naona anaongeza na ya juu. Tonton pia, kwa sababu bila kidole chake kilichonyooka siku ya matanga sijui kama ningepambana hivi. Anapotuma kitu toka Kamituga, ni soja. Nashukuru na yule mama aliyeona majani akadhani pombe. Alipojua ukweli alikuja na fungu zima la majani toka mgomba wake, akalitua mlangoni, akasema, "Funika vizuri, mutoto wangu." Hajaacha kuleta.

Kama nina somo, ni hili. Nilikuwa natafuta msaada mbali, na nusu yake nilikuwa nimeiona tangu utoto, Mumosho, nikiita mikia ya panya. Kabla hamjasema hamna kitu, kaeni chini mkumbuke mikono ya mama zenu ilikuwa inafanya nini.

Sasa beseni. Ndani yake ni soja niliyoloweka jana jioni, leo asubuhi nimeichuja. Kila nyumba ichukue kiganja kimoja, majani yako pale mlangoni. Maji asubuhi na jioni, mchuje, mfunike. Ikitoa mikia msiruke nyuma kama tonton, si minyoo.

Mama wa mbele, majani ni yako. Funua wewe.