Jiwe Langu Dirishani

Ndugu Meneja wa Ghala letu la Zana, Ndugu Katibu wa tawi la wafanyakazi, wafanyakazi wenzangu, na ninyi wazee wangu wa foleni mliotoka Tinde na Mhunze bila kadi ya mwaliko: shikamooni. Mama yangu, shikamoo peke yako, maana najua bado umenuna.

Nimesimamishwa niage, nami sijui naaga nini. Miaka kumi na mmoja nimekaa dirisha la maulizo. Mtu anauliza kama majembe yamefika, mimi namjibu bado. Anauliza minyororo ya plau, bado. Neno hilo nimelitamka kuliko jina langu, Mwasiti. Nimetukanwa kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, na mara moja Mzee Maganga huyu alinigeuzia mgongo akaongea na ukuta, akisema ukuta una majibu zaidi. Je, mtu wa namna hiyo hatamani kuondoka?

Ndiyo maana makao makuu walipotangaza kwamba wamenunua kompyuta, na kwamba mfanyakazi yeyote anaweza kujaribiwa ili afundishwe kuitungia programu, yaani kuipangia hatua za kufuata, nilijiandikisha siku ileile. Kompyuta sijaiona hata leo. Nilisikia tu kwamba haitukani.

Swali la mtihani lilikuwa moja: andika hatua zote za kuhudumia foleni, kama unayemwelekeza mtu asiyejua chochote. Mimi nikaanza na mawe. Ninyi mnajua kwamba hapa foleni hupangwa alfajiri, mtu akaweka jiwe lake akaenda kwenye shughuli zake. Nikaandika: kama wa mbele ni jiwe, uliza ni la nani. Mwenyewe aitwe mara tatu. Akiitika, ahudumiwe. Asipoitika, jiwe liwekwe kando, foleni isonge.

Msimamizi, Ndugu Theonest kutoka Dar es Salaam, akaniita mezani. "Dada, hili jiwe ni nini?"

"Ni mtu, ndugu."

"Mtu gani?"

"Aliyekwenda kunyonyesha."

Alicheka mpaka akavua miwani. Nikatoka nikijua nimejiaibisha, nikarudi dirishani kusema bado. Baada ya wiki tatu barua ikaja: nimefaulu, wa kwanza kanda nzima, niende makao makuu kufundishwa. Chini yake Ndugu Theonest ameandika kwa mkono kwamba wenzangu wote walimpanga aliyepo, wakamsahau asiyekuwepo.

Sasa ndugu zangu, nifurahi au nilie? Kilichonifaulisha ni foleni hii hii ninayoikimbia. Mama ananiuliza, "Unakwenda kuongea na mashine, watu tumekukosea nini?" Jana Bi Bhoke wa hapa mtaani alinitukana kwa sababu ya jembe, nikajikuta namwangalia kwa mapenzi, akadhani naumwa. Nikilala naiota kompyuta, na katika ndoto ina dirisha, na mimi ndiye niliyepanga foleni.

Ndugu Meneja, nakushukuru kwa moyo wangu wote. Umeniwekea nafasi yangu miezi mitatu, na ndugu yangu Ignas ataishika. Ikiisha bila mimi kurudi, nafasi ni yake, wala sitakuwa na pa kurudia. Ni haki. Ignas, Mzee Maganga akiongea na ukuta, mngoje amalize. Huwa anageuka.

Leo asubuhi nilikwenda kukabidhi funguo nikakuta jiwe jeusi juu ya kizingiti cha dirisha, limeoshwa. Mzee Maganga alikuwa amesimama kando. Akaniambia, "Hilo lako, mayu. Tumekushikia." Ameniita mama kwa Kisukuma, mtu aliyeniona mimi si kitu mbele ya ukuta. Nililia, sitaficha.

Basi treni ni kesho, na tiketi ninayo. Ignas, kanuni ni ileile niliyoiandika mwenyewe, usinipendelee. Miezi mitatu ikitimia, toka nje, uniite mara tatu, kwa sauti, wazee hawa wakisikia. Nisipoitika, weka jiwe langu kando, umhudumie anayefuata. Mimi hapa nilipo sijui niombe niitike au nisiitike.

Wazee wangu, majembe bado. Asanteni kwa kunisikiliza, na kwa kunivumilia miaka yote.