Visigino vya Akina Sormunen na Muuguzi Tellervo

Tarehe 30 Aprili, Muuguzi Tellervo Ikonen anastaafu baada ya miaka thelathini na sita katika kliniki ya moyo ya hospitali yetu, hapa Karelia Kaskazini, Ufini. Mimi naendesha jiko la hospitali na nilianzia kwenye kuosha vyombo, kwa hiyo sitapamba maneno. Wenzangu wanamuaga kwa keki. Mimi namuaga kwa hofu.

Kazi yake ilikuwa kufuatilia damu za ukoo baada ya ukoo. Huku kwetu zipo familia zenye hitilafu katika jeni moja tu: ini linashindwa kuondoa lehemu, yaani kolesteroli, kwenye damu, na mishipa ya moyo inaziba mtu angali kijana. Kila mtoto wa mwenye hitilafu hiyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Tellervo akimpata mmoja, huwapigia simu ndugu wote, hata wanaomkatia. Mzee mmoja alikula karoti wiki mbili ili "afaulu" kipimo cha jeni. "Zimekupendeza, mzee wangu," Tellervo alimwambia, "ila jeni hailishwi."

Mimi alinikamatia saunani, kwenye chumba cha mvuke, jioni ya wafanyakazi. Aliacha kumwagia mawe ya moto maji, akanitazama miguu.

"Anneli, mbona kano za visigino zimevimba hivyo?"

"Ndivyo visigino vya akina Sormunen, dada! Tumezaliwa tuteleze kwenye theluji."

Wote walicheka, yeye hakucheka. "Baba yako alikuwa navyo?"

Alikuwa navyo. Alianguka akafa kwenye njia ya kutelezea theluji kwa skii, akiwa na miaka arobaini na saba. Kesho yake mkono wangu ulikuwa mezani kwa Tellervo, ukitolewa damu. Uvimbe tuliojivunia ulikuwa lehemu.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba kijiji kizima kilisema mama ndiye aliyemuua baba, kwa siagi. Tellervo alimfuata nyumbani, akamwambia mbele ya shangazi zangu: "Siagi ilichangia, mama. Lakini mzigo mkubwa mumeo alizaliwa nao." Mama alikwenda jikoni kuweka kahawa, akakaa huko muda mrefu.

Kaka yangu Urho alikataa kupimwa. "Mie mzima kama farasi. Nyie wanawake mnapenda kutisha watu." Tellervo alimpigia kila mwaka, bila ugomvi. Februari hii, Urho akizoa theluji uani, kifua kilimbana. Mishipa miwili imezibuliwa, wa tatu unaangaliwa. Jeni anayo.

Sasa kuna Oona, binti yake wa miaka kumi na mmoja. Visigino vyake ni laini, lakini hata vyangu vilikuwa laini katika umri huo. Damu yake aliitoa Tellervo juzi, na ndiyo ya mwisho katika kazi yake. "Itauma?" Oona aliuliza. "Kidogo. Hata mimi naogopa sindano, usimwambie mtu." Oona akiwa na hitilafu hiyo, dawa ipo na atawahi kuianza. Lakini nafasi ya Tellervo haijazwi "hadi itakapoamuliwa." Watoto ambao baba zao wanakata simu, nani atawapigia mara ya pili?

Asante, Tellervo, kwa kila moyo unaodunda kwa sababu ulikuwa king'ang'anizi. Upate afya, usingizi mnono na miaka mingi ya kufanya upendalo.

Majibu ya Oona yatatoka Jumanne, wakati umeshaondoka. Ameniomba nikuulize kama utakuja kuyasoma naye. Nimemwambia mstaafu ana haki ya kupumzika. Akasema, "Basi muulize hivyo hivyo, shangazi."

Basi nakuuliza.