Saa Kila Mkono: Historia ya Marehemu Fidelina Cabañas de Ozuna

Baba paroko, ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wenzetu mliopanga foleni forodhani tangu asubuhi ili mvuke daraja kutoka Posadas, upande wa Argentina, mje kumzika, familia imenipa mimi, Crispín, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kusoma historia ya dada yetu, na kwa kuwa wanaujua mdomo wangu wamenipa masharti mawili, nisibishane na marehemu na nisilie kabla sijamaliza. Nitajitahidi. Ila mjue mapema kwamba kuna jambo moja dada alilibeba moyoni kwa miaka tisa, wengi wenu mnalijua, na leo hatutalipita kimyakimya.

Marehemu Fidelina Cabañas alizaliwa tarehe 24 Aprili 1958 hapa Encarnación, katika mtaa wa bondeni karibu na bandari, mtaa ambao leo uko chini ya maji ya bwawa, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa marehemu Eusebio Cabañas, mchukuzi wa mizigo, na marehemu Ramona Duarte, muuza chipa, vile vimkate vya muhogo na jibini, na jina alipewa la mtakatifu wa siku ile kama kalenda ilivyosema, bila mtu kuulizwa.

Alianza masomo mwaka 1965 katika shule ya msingi ya mtaani, akamaliza darasa la sita mwaka 1970 akiwa wa pili darasani, na hapo masomo yakakoma, kwa kuwa baba aliumia mgongo na mama hakuweza kubeba peke yake beseni la chipa na watoto watano. Hakulalamika hata siku moja, ila kila mmoja wetu alipoleta ripoti mbaya nyumbani alimtazama kwa jicho ambalo heri ungechapwa.

Tarehe 3 Mei 1976 alivuka mto Paraná kwa boti ya abiria, akaajiriwa kupiga pasi katika nyumba moja ya dobi huko Posadas iliyofua mashuka ya hoteli, na kazi hiyo aliifanya hadi Machi 2020, mpaka wa nchi ulipofungwa kwa sababu ya janga la korona, karibu miaka arobaini na minne, kwanza kwa boti, kisha kwa basi la darajani tangu mwaka 1990, na miaka ya mwisho kwa treni, akifanya kazi Argentina na kulala Paraguay, na katika muda huo wote hakulala ng'ambo hata siku moja. Mama mwenye dobi alimwekea kitanda chumba cha nyuma, akamwambia, "Fide, utajiua kwa kuvukavuka, si ulale tu hapa," naye akamjibu, "Asante mama, ila usingizi wangu hauna kibali cha kuvuka."

Mnajua wote kwamba majira ya joto saa zetu na za Posadas zilikuwa sawa, na kwamba kila mwisho wa Machi sisi tulirudisha saa nyuma, wao wakabaki palepale, wakatutangulia saa nzima hadi Oktoba. Kwa sababu hiyo dada alivaa saa kila mkono, wa kushoto ya nyumbani, wa kulia ya kazini, ile ya kulia ikipumzika kabatini wakati wa joto, na vijana wa kituo cha basi walimtania, "Bi Fide, leo unatugawia ipi?" naye akawajibu, "Ya kulia, maana ninyi wavivu lazima mwanze mapema." Kila Jumamosi ya kubadilisha saa alipita mlango hadi mlango kwa wote waliofanya kazi ng'ambo, akigonga na kupiga kelele, "Kesho saa inarudi, msije mkafukuzwa kazi mkanililia mimi!" na hakuna mtu wa mtaa huu aliyewahi kuchelewa kazini kwa sababu ya saa.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa takatifu na marehemu Wilfrido Ozuna, fundi wa injini za boti, ambaye baada ya daraja kuua boti alifungua banda la kutengeneza baiskeli, na wakajaliwa watoto wawili, Nimia mwaka 1983 na Derlis mwaka 1986, na wajukuu watatu. Wilfrido kila jioni alimsubiri kituoni na chupa ya maji ya barafu na kikombe cha tereré, chai yetu ya baridi, na kwa ubishi wake hakukubali kamwe kuisoma saa ya Posadas, hata ukimwambia basi linaondoka, akisema, "Hiyo ni saa yao, mimi ninayo yangu." Walipendana, na hilo halihitaji tarehe.

Sasa nafika kwenye lile jambo. Machi 2016 Wilfrido alilazwa katika hospitali moja ya Posadas kwa maradhi ya mapafu, wodi ya wanaume, ambamo wanawake hawakuruhusiwa kubaki usiku, na Jumamosi Kuu dada alishinda naye kutwa, akaagana naye akimwambia, "Kesho saa moja kamili wakifungua mlango, wa kwanza ni mimi," kisha akarudi nyumbani amechoka hoi, na kwa mazoea akairudisha nyuma saa ya ukutani, akajitupa kitandani. Asubuhi ya Pasaka, tarehe 27 Machi, hakuwa anakwenda dobi, basi akavaa saa moja tu, ya mkono wa kushoto, na ile ya kulia akaisahau kabatini. Alifika wodini saa moja kamili kwa mkono wake, na saa ya ukuta wa wodi ilisema saa mbili, na kitanda cha Wilfrido kilikuwa kimefunikwa shuka, kwa kuwa alifariki saa moja na dakika ishirini.

Mtu aliyekumbusha mtaa mzima, yeye mwenyewe ndiye aliyesahau. Tangu siku hiyo, ukijaribu kumfariji, alikukatiza, "Alikufa akitazama mlango," na kila Pasaka hakugusa chakula, hata chipa aliyoioka mwenyewe kwa ajili yetu. Mkoba wa vitu vya Wilfrido uliotolewa na hospitali aliufungia kabatini bila kuufungua. Mimi siku moja nilimfokea, nikamwambia, "Dada, basi! Saa moja tu hiyo!" naye akaniambia polepole, "Crispín, ilikuwa ndiyo hiyohiyo." Nisamehe, dada.

Mpaka wa nchi ulipofunguliwa tena baada ya janga, dobi haikuwepo, akabaki nyumbani kulea wajukuu, na jioni aliketi ukingoni mwa mto akiangalia taa za Posadas. Oktoba 2024 serikali yetu iliacha kurudisha saa nyuma, saa zetu na zao zikawa sawa mwaka mzima, na siku hiyo dada aliivua ile saa ya mkono wa kulia, akaitazama, akasema, "Sasa ndiyo wamekumbuka kuzisawazisha!" akaitupa kwenye droo.

Februari 2025 alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa hapa mjini, akapata nafuu, akazidiwa tena mwezi Julai, na tarehe 20 Agosti 2025, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, kwa saa ya huku na kwa saa ya kule, alifariki nyumbani kwake, Nimia na Derlis wakiwa wameshika kila mmoja mkono wake, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kukesha nasi, Baba paroko, wapiga pasi wenzake ambao wamekuja leo na shuka jeupe walilolinyoosha kwa mikono yao ili alale juu yake, na maofisa wa pande zote mbili za daraja ambao kwa miaka mingi walimpitisha wakimsalimu kwa jina.

Shukrani ya mwisho ni ya Bibi Irma Stefaniuk, aliyeketi pale mbele na kitambaa cha bluu, ambaye jana alisikia tangazo la msiba redioni, akalitambua jina la Wilfrido, akapanda basi kutoka Oberá, akaingia msibani jioni bila kumjua mtu yeyote. Bibi Irma alikuwa mfagiaji wa wodi ile, na wiki ileile ya Pasaka alistaafu akahamia Oberá kwa binti yake, na kwa ruhusa yake nayasoma maneno yake kama alivyotuambia.

"Asubuhi ile yule bwana aliniita, akanyoosha mkono, akasema, Bibi, nisaidie kuirudisha saa yangu, leo kwetu imerudi nyuma na vidole vyangu havishiki. Nikamrudishia. Muuguzi akapita saa moja ya ukutani akamtania, Leo mkeo amekusahau. Akaitazama saa yake, akacheka, akasema, Acha wewe, kwetu ndiyo kwanza saa kumi na mbili, Fide sasa hivi anapanda basi, huyo hachelewi. Akageukia ukutani akalala, na hakuamka tena. Nilidhani mkewe ameambiwa."

Hakuambiwa. Kwa miaka tisa hakuna aliyemwambia, na Bibi Irma amekuja siku moja baadaye, na hatumlaumu, lakini inauma, jamani, inauma. Nimia aliposikia alikwenda kabatini. Kisha tuliufungua ule mkoba, tukaikuta saa ya Wilfrido, na asubuhi hii watoto wake wamemvisha mama yao mkono wa kushoto.

Fidelina, dada yangu, Wilfrido hakufa akitazama mlango. Alilala kwa saa ya nyumbani, akijua uko njiani. Hukuchelewa. Pumzika sasa, kwa amani.