Mwalimu Joram Gatimu Kingori na Koti Lisilolowa

Mwalimu Joram Gatimu alizaliwa tarehe 8 Mei 1963 kando ya mto Ragati, nje kidogo ya Karatina, akiwa mwana wa tatu wa marehemu Kingori Mwai na marehemu Magdaline Warigia. Siku hiyo mvua ilinyesha, na mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyo alikuja kuangalia mvua tu.

Alipokua alitumwa kupalilia nduma, yaani majimbi, mtoni. Mara nyingi alipatikana amechuchumaa, akidondoshea jani maji na kuyatazama yakibiringika kama shanga, jani likibaki kavu.

"Mama, mbona maji haishiki hapa?"

"Uliza nduma," mama yake alimjibu. "Lakini kwanza umalize kupalilia."

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari huko huko Mathira, na mwaka 1987 akahitimu ualimu wa biolojia na kemia. Alifundisha Timau, kisha Nanyuki, na kuanzia 2001 mjini Nyeri hadi alipostaafu mwaka 2023. Hakuna darasa lililopita mikononi mwake bila kutazama jani la nduma kwa darubini. Wanafunzi waliona kwamba jani walilodhani ni laini limejaa vinundu vya nta, katikati yake mna hewa, na tone la maji hukalia ncha tu bila kupata pa kushika.

Majani hayo ndiyo yaliyomletea mke. Mwaka 1989 aliingia soko la Karatina akamwomba Nyawira, aliyekuwa akiuza nduma, amuuzie majani matupu.

"Ati majani? Mwalimu, uko na mbuzi ama uko na shida?"

"Niko na darasa."

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine tena, mpaka akina mama wa soko wakambandika jina la Mbuzi. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1990, wakapata Kingori na Warigia, na Nyawira akaitwa Mama Kingori.

Mwaka 1998 Nyawira alinyeshewa sokoni, akashikwa na nimonia, akalazwa. Mwalimu aliogopa sana. Pale kando ya kitanda alimwahidi kumtengenezea koti lisilolowa, kama jani la nduma.

La kwanza alilipaka nta iliyochanganywa na masizi. Maji yalikimbia kweli, lakini masizi nayo yalimkimbilia Nyawira, na wateja wakamwuliza bei ya makaa. La pili lilifaa kwa wiki chache tu. Pale begani gunia lilipokaa, vinundu vilisagika na maji yakaingia. Rafiki yake Khadar, muuza turubai wa Nanyuki, alimwonea huruma.

"Mwalimu, chukua turubai yangu. Hii haivuji."

"Haivuji, Khadar, lakini inalowa. Mama Kingori atabeba maji mpaka nyumbani."

"Basi abaki nyumbani!"

"Mwambie wewe."

Khadar hakuthubutu.

Mwaka 2019 Mwalimu alilirudia jani lenyewe, akaona kwamba vinundu vikubwa hukinga vile vidogo. Akatandika kitambaa chenye nta juu ya msasa wenye chembe kubwa, akakikandamiza kwa pasi ya moto mpaka kikapata vinundu vikubwa na vidogo. Pasi mbili ziliungua, nyumba ikanuka nta, lakini koti lilipatikana. Nyawira alilivaa masika yote. Kila jioni Mwalimu alimpokea mlangoni na kumpapasa mabega kwa kiganja.

"Umenyeshewa?"

"Nimenyeshewa. Sijalowa."

Mwalimu alipougua figo mwaka 2024 na mwili wake kuanza kuvimba, aliwatania wauguzi wa Nyeri kwamba maji yaliyoshindwa na nduma yamekuja kumshika yeye. Jumapili tarehe 19 Oktoba 2025 mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nyawira aliingia wodini na koti lake. Mwalimu hakuwa na nguvu ya kuuliza, lakini aliinua mkono, akapapasa bega, akatabasamu. Alituaga mchana huo.

Ameacha mjane wake, Nyawira, watoto wake, Kingori na Warigia, wajukuu wanne, ndugu yake Ngatia, rafiki yake Khadar, na wanafunzi wengi ambao hawawezi kupita shamba la nduma bila kusimama.

Mama Kingori ana ombi moja. Mvua ikinyesha leo kaburini, mtu yeyote asimfunike kwa mwavuli. Amevaa koti lake.

Mwalimu apumzike kwa amani, mahali pakavu.