Jina la Mtoto: Bado

Mheshimiwa Mkuu wa Idara, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu wa ofisi ya vizazi na vifo, na wewe Mama, uliyekataa kiti cha mbele kwa kuogopa spika: salaam.

Leo karani wetu mkuu anastaafu. Miaka thelathini na tisa nyuma ya dirisha namba tatu, na hakuna kati yetu aliyewahi kuyaona meno yake! Mhudumu wa chai aliteleza mbele yake na birika zima; yeye akauliza tu kama mafaili yamelowa.

Mama alinizaa ana miaka arobaini na sita. Majirani walicheka, wauguzi walicheka, baba akacheka mpaka akakaa chini. Wakakubaliana niitwe Isaka, yaani kwa Kiebrania “anacheka”, maana Sara naye alicheka alipoambiwa atazaa uzeeni. Siku hizi jina hilo wanapewa hata waliozaliwa wamenuna, lakini mimi nililistahili. Ila baba alitaka kwanza shangazi aridhie. Kabla shangazi hajajibu, baba akaja dirishani kunisajili.

“Jina la mtoto?” karani akauliza.

“Bado.”

Akaandika BADO, kwa herufi kubwa, akagonga muhuri.

Jamani, mnajua adha ya kukua na jina hilo? Mwalimu anaita, “Bado!” Naitika, “Nipo!” “Upo, au bado?” Nilipokuja hapa kuomba kazi, karani huyuhuyu akaniuliza, “Jina?” Nikasema, “Bado.” Akasema, “Basi ukilipata, urudi.”

Nilirudi na cheti. Alikitazama, akautambua mwandiko wake, akanisogezea fomu ya kazi.

Leo mimi ndiye msajili, na majina hayasahihishwi bila saini yangu. Asubuhi nimekuta fomu mezani, kazi yake ya mwisho: futa Bado, andika Isaka. Ameibana na kikaratasi: “Mwanangu, nisamehe. Kosa hili limeninyima raha miaka yote.” Nililia, sifichi.

Mzee wangu, nilikusamehe zamani. Cheti kile ndicho kilichomchekesha baba hata alipokuwa mgonjwa kitandani, akiulizwa kama ameshapona, naye akijibu kwa jina langu. Sasa Mkuu ameniuliza pale mlangoni kama fomu yako nimeshaisaini. Unadhani nilimjibu nini?

Bado.

Haya, tazameni! Tazameni meno hayo! Mama, simama uone: anacheka!

Ndugu zangu, asanteni kwa masikio yenu. Mimi nimemaliza, yeye bado.