Mama Wanga, Mwalimu Aliyeyafanya Maji Yagome

Marehemu mama yetu, bibi yetu, na mwalimu wa nusu ya watu waliofika hapa leo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951 katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, iliyopakana na kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa mama dobi na baba mlinzi wa kiwanda hicho.

Akiwa na miaka saba alipewa kazi yake ya kwanza: kukoroga wanga, ule unga mweupe laini wa mahindi, kwenye maji baridi, ili mama yake akaze kola za mashati ya watu. Siku hiyohiyo akaleta swali.

“Mama, mbona nikikoroga haraka kijiko kinakwama, nikikoroga taratibu kinapita?”

“Kwa sababu una haraka ya kwenda kucheza.”

Jibu hilo halikumridhisha. Tuseme ukweli, hakuwahi kuridhika na jibu ambalo hakulijaribu mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1959 hadi 1966, kisha sekondari, na mwaka 1971 akajiunga na chuo cha ualimu. Alihitimu Novemba 1972. Alimaliza kabisa, jambo ambalo si kila mtu katika ukoo huu anaweza kulisema.

Januari 1973 aliajiriwa katika shule ya msingi iliyokuwa na madarasa saba na maabara sifuri. Kabati la sayansi lilikuwa na sumaku moja, nayo imevunjika. Kwa hiyo alifundisha kwa vitu vya jikoni. Ndipo Alhamisi, tarehe 14 Mei 1981, akaliambia darasa la tano: “Kesho kila mtu aje na wanga.”

Kumbe nyumbani neno lile lilifika na maana yake nyingine, ile ya wachawi.

“Mwalimu amesema tuje na wanga.”

“Wangapi?”

“Kijiko kimoja kinatosha.”

Ijumaa asubuhi wazazi walijaa uani. Mbele yao alisimama fundi mwashi mmoja, mrefu, mwenye sauti ya kubomolea kuta, aliyekuwa akimlea mpwa wake wa darasa hilo. Mkuu wa shule, aliyeogopa kelele kuliko radi, alimnong'oneza marehemu: wasiporidhika, leo ndiyo siku yako ya mwisho darasani.

Marehemu akaweka beseni dogo juu ya meza. Vikombe viwili vya wanga, kimoja cha maji.

“Fundi, piga ngumi hapa.”

“Nipige uji, mwalimu?”

“Piga. Au unaliogopa beseni?”

Akapiga kwa nguvu zake zote. Ngumi ikagota kama imegonga zege, wala tone halikuruka. Wazazi wakarudi nyuma hatua tatu, na bibi mmoja akaanza kusali kwa sauti.

“Sasa weka mkono taratibu.”

Mkono ukazama hadi kwenye kifundo. Fundi akashtuka, akauvuta kwa nguvu, na beseni zima likanyanyuka naye.

“Linanishika!”

“Acha kugombana nalo, baba. Chembe za wanga ukizisukuma ghafla zinabanana kama watu mlangoni. Zipe muda, zitapishana.”

Akatulia. Mkono ukatoka, mweupe pe. Akauangalia mbele na nyuma, kisha akamgeukia mkuu wa shule: “Huyu mwalimu asiguswe. Nami naomba nafasi kwenye dawati la nyuma.”

Hivyo ndivyo alivyobaki kazini, na ndivyo alivyopata jina la Mama Wanga, alilolivaa kama medali. Alifundisha miaka thelathini na tisa, hadi Desemba 2011.

Fundi naye akaanza kuja kuuliza habari za zege. Miaka miwili na nusu mtu anauliza zege! Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Novemba 1983, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2022 madaktari waligundua kuwa moyo wake umedhoofika. Hata wodini aliagiza wanga na sahani, na daktari akaingia akawakuta wauguzi wanne wanachapa sahani kwa vidole, wanabishana. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mumewe akiwa kando ya kitanda.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, mpwa aliyemlea kama wa kumzaa, na wajukuu saba. Shule ile hadi leo haina maabara, ila kipindi cha majaribio kipo kwenye ratiba, na hakuna mkuu aliyethubutu kukifuta.

Tafadhali tusimame sote, kama darasa linavyosimama mwalimu wake anapoingia. Leo sisi tusimame, yeye apumzike.