Mama Inès na Adobo Aliyoiomba

Murielle Nyota Byaombe, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Inès, alizaliwa Baraka, eneo la Fizi, Kongo, tarehe 14 Aprili 1981. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Byaombe na mama Sifa.

Alimaliza shule ya msingi hapo hapo Baraka. Vita vya 1996 vilimkuta mwaka wa pili wa sekondari. Alivuka ziwa na dada yake Thérèse hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na huko akajifunza kushona. Daftari zake zilibaki Baraka, na hakurudi darasani tena.

Alifika Johannesburg mwaka 2006. Kwanza alikaa Hillbrow, akisuka nywele. Mwaka 2011 alipata kazi Bedfordview kwa Mama Luz, mjane kutoka Ufilipino, akafanya kazi hapo miaka minane. Mama Luz ndiye aliyemfundisha adobo, yaani nyama ya nguruwe inayopikwa polepole kwa siki, soya, kitunguu saumu na pilipili manga nzima. Mama Luz aliporudi kwao, Murielle alilia kama amefiwa na mzazi.

Alifunga ndoa na Alexis, mlinzi wa usiku, tarehe 12 Desemba 2009, wakahamia Malvern. Alexis ndiye anayewasomea maneno haya. Katika ukoo wa Alexis na katika kanisa lao nguruwe haliwi. Kwa hiyo Murielle alikuwa akipika adobo yake kwa jirani, Mama Jocelyne, katika sufuria iliyokaa huko huko. Akirudi, mumewe alifungua madirisha. Murielle alicheka: "Baba Inès, hiyo ni harufu ya siki tu. Siki haina dini." Hakugombana naye hata siku moja kwa ajili ya jambo hilo. Miaka yote hiyo mumewe alidhani kwamba halimuumi.

Mwezi wa Septemba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo. Alitibiwa hadi Juni mwaka huu, ndipo madaktari wakasema arudi nyumbani. Dawa zilikuwa zimemharibu mdomo. Uji, samaki, sombe ya majani ya muhogo, vyote aliona vina ladha ya chuma. Alhamisi tarehe 3 Julai alimwambia mumewe:

"Nataka adobo."

"Nitamwomba Mama Jocelyne akupikie."

"Hapana. Nimekula kwa jirani miaka kumi na zaidi. Nataka kupikiwa nyumbani kwangu, na wewe."

Mumewe alisema atafikiri. Alingoja ibada, akangoja kuzungumza na mchungaji, akashindwa kuanza mazungumzo. Murielle hakumuuliza tena.

Jumatano tarehe 9 mumewe alikwenda buchani, Jules Street. Aliomba kwa sauti ndogo hata muuzaji akamwambia, "Sema kwa nguvu, baba, sikusikii!" Ikabidi aseme nguruwe mbele ya foleni nzima. Nyumbani aliiosha nyama ile kwa chumvi na ndimu, mara tatu. Kisha akaichemsha na kumwaga maji yote, akaanza tena upya. Murielle alikuwa amelala kwenye godoro karibu na mlango wa jikoni.

"Baba Inès, unaipika au unaibatiza?"

"Naisafisha."

"Umemwaga utamu wote. Haya, tia siki. Usikoroge! Iache ichemke kwanza."

Alikuwa ameshakoroga. Murielle alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu.

Ilipoiva hakuweza kumeza nyama. Wiki iliyotangulia angeweza, maana Ijumaa tarehe 4 alikula mkate na yai. Siku hiyo alikunywa mchuzi tu, vijiko vinne, akasema, "Bado siki kidogo." Nyama aliila mumewe, wameketi pamoja juu ya godoro, kwa sababu alimwambia, "Usinikalie kama mgeni. Kula." Na alikula.

Murielle alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 13 Julai 2025, saa nne asubuhi, watoto wake wakiwa wamemshika mikono.

Ndugu zangu, mtu akisikia kanisani kwamba Alexis alipika nguruwe, ajue ni kweli, na hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni zile siku sita. Mke wangu aliomba kitu kimoja akiwa bado anaweza kukitafuna, nami nikaenda kufikiri. Mama Inès, nisamehe. Nakuomba mbele ya watu hawa wote, mimi ambaye hata kuomba nyama niliona aibu.

Ameacha mume, Alexis. Watoto wawili, Inès na Exaucé. Mama yake mzazi, mama Sifa, anayetusikiliza kwa simu kutoka Baraka. Dada yake Thérèse, aliyeko Nyarugusu. Na jirani yake Mama Jocelyne, ambaye familia inamhesabu kuwa ndugu.

Mungu ampokee Murielle pasipo na maumivu, na huko apumzike kwa amani.